Mwanadamu na Uamuzi wa Tiba katika Zama za Akili Mnemba

1. Utangulizi

Katika hospitali na vituo vya afya vya nchi nyingi zimeingia programu za kompyuta zinazosoma picha za eksirei, zinazokadiria hatari inayomkabili mgonjwa, na hata zinazompendekezea tabibu dawa ya kuandika. Programu hizi huitwa kwa jumla akili mnemba. Wengine husema akili bandia au akili unde. Kila zinapoletwa mahali, wahusika huwatuliza watu kwa ahadi moja, yaani kwamba mashine itashauri tu na uamuzi wa mwisho utabaki mikononi mwa mwanadamu. Ahadi hiyo ni njema, lakini yatupasa kuuliza ina maana gani hasa. Je, tabibu akiwapo chumbani na kutia sahihi yake chini ya jibu la kompyuta, hapo tunaweza kusema kwamba mwanadamu ndiye aliyeamua?

Shabaha ya makala hii ni kuonyesha kwamba kuwapo kwa mwanadamu ni jambo moja, na kuamua kwake ni jambo jingine. Mwanadamu hushiriki kweli pale tu ambapo uamuzi wake unaweza kubadili matokeo, na ambapo yeye mwenyewe anaweza kuulizwa na mgonjwa na kujibu. Ili hoja yetu isielee hewani, tutaanza na mfano ulio karibu nasi, yaani utafutaji wa wagonjwa wa kifua kikuu kwa njia ya picha ya eksirei, kisha tutaangalia yaliyoonekana kwingineko. Jambo hili linawahusu wasomaji wa jarida hili kwa sababu iliyo wazi: Kanisa lina hospitali zake, na wachungaji huketi katika bodi za hospitali hizo, kama wanavyoketi pia kando ya vitanda vya wagonjwa.

2. Mashine hutoa nini?

Tanzania, Kenya, Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zimo katika orodha ya nchi 30 ambazo Shirika la Afya Duniani liliziainisha kuwa na mzigo mkubwa wa kifua kikuu kwa kipindi cha mwaka 2021 hadi 2025. Picha ya kifua husaidia kuwatambua watu wanaohitaji kupimwa makohozi, lakini wataalamu wa kusoma picha hizo ni haba, na walio wengi wako mijini. Kwa sababu hiyo, mwezi Machi 2021 Shirika hilo lilitoa pendekezo kwamba, kwa watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi, programu ya kompyuta yaweza kutumika badala ya msomaji wa kibinadamu katika kuwachuja wanaohitaji kipimo zaidi.

Pendekezo hilo si la kudharauliwa. Utafiti uliofanywa Dhaka, Bangladesh, na kuchapishwa mwaka 2021 ulizijaribu programu 5 kwa picha za watu 23,954, na zote 5 ziliwapita madaktari wa picha waliolinganishwa nazo. Mahali ambapo hakuna mtaalamu kabisa, mtu anayekataa chombo kama hiki kwa jina la utu hana budi kueleza ni utu gani unaomwacha mgonjwa bila kusomewa picha yake. Hata hivyo, utafiti huo huo ulionyesha kwamba programu hizo zilifanya kazi vibaya zaidi kwa wazee na kwa watu waliowahi kuugua kifua kikuu. Nasi tunafahamu kwamba kovu la ugonjwa wa zamani katika pafu laweza kufanana na ugonjwa mpya. Tabibu anayemwuliza mgonjwa historia yake atalijua jambo hilo. Programu inayotazama picha peke yake haitalijua.

Tena ni lazima tuelewe mashine hutoa nini. Programu ya namna hii imefundishwa kwa maelfu ya picha ambazo majibu yake yalikwisha kujulikana, nayo hupima ni kwa kiasi gani picha mpya inafanana na zile za wagonjwa. Haisemi kwamba mtu fulani ana kifua kikuu. Hutoa namba tu, kwa mfano kati ya 0 na 100. Namba hiyo, yenyewe kwa yenyewe, haimwamrishi mtu kufanya lolote. Hupata nguvu pale mtu anapoweka mpaka na kusema: aliye juu ya namba hii apelekwe kupimwa makohozi, na aliye chini yake arudi nyumbani.

3. Uamuzi uliofichwa ndani ya namba

Tuseme, kwa mfano wa kufikirika, watu 1,000 wamepigwa picha katika wilaya moja, na kwamba miongoni mwao 20 wanao ugonjwa. Tuseme pia mpaka umewekwa chini, hata programu ikawatambua wagonjwa 90 katika kila 100, na kuwaachia wazima 70 katika kila 100. Hicho ndicho kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani lilikitaja mwaka 2014 kwa ajili ya vipimo vya kuchuja wagonjwa wa kifua kikuu. Wagonjwa 18 watatambuliwa na 2 watakosekana. Katika wale 980 walio wazima, 294 watapelekwa kupimwa bure. Jumla ya vipimo vitakavyohitajika ni 312.

Sasa tuseme kwamba katriji za mashine ya GeneXpert zimepungua ghalani, na msimamizi akaupandisha mpaka, hata programu ikawatambua wagonjwa 75 katika kila 100, na kuwaachia wazima 90 katika kila 100. Wagonjwa watakaotambuliwa ni 15, na wazima watakaopelekwa kupimwa ni 98. Vipimo vitakuwa 113 badala ya 312, nayo akiba iliyopatikana ni kubwa. Lakini waliokosekana sasa ni 5 badala ya 2. Watu 3 wamerudi nyumbani na jibu la kwamba picha yao haina tatizo, nao watakohoa ndani ya nyumba zao, katika basi, na katika ibada ya Jumapili.

Ni nani aliyeamua juu ya hao 3? Si mashine, kwa maana mashine ilitoa namba ile ile katika hali zote mbili. Wala si afisa tabibu aliyekuwa zamu, kwa maana yeye alifuata mpaka alioukuta. Aliyeamua ni yule aliyeuweka mpaka, ambaye pengine yuko ofisini mbali sana na hajapata kumwona mgonjwa hata mmoja wa wilaya ile. Na kama hakuna aliyeuweka kwa makusudi, basi umetumika mpaka uliokuja na programu kutoka kwa watengenezaji, na wilaya nzima imeamuliwa na mtu asiyejua kwamba ameamua.

Hatusemi kwamba kuupandisha mpaka ni dhambi. Katriji zikiwa chache, kila mpaka una gharama yake, na yaweza kuwa busara kuzitunza kwa ajili ya walio katika hatari zaidi. Tunachosema ni kwamba huu ni uamuzi kuhusu watu, uliovikwa vazi la hesabu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani, pamoja na mpango wake wa utafiti wa magonjwa ya nchi za tropiki, lilitoa mwongozo wa kuzisaidia nchi kuchagua mpaka unaofaa kwa mazingira yao. Tena mpaka uliochaguliwa mara moja haudumu siku zote, kwa kuwa toleo jipya la programu ile ile laweza kutoa namba tofauti kwa picha ile ile. Basi ushiriki wa mwanadamu huanza hapa, mapema, kabla mgonjwa hajavua shati lake mbele ya mashine.

Wakati mwingine uamuzi hufichwa ndani zaidi kuliko mpaka. Mwaka 2019 jarida la Science lilichapisha utafiti kuhusu programu iliyotumika sana Marekani kuwachagua wagonjwa wa kupewa uangalizi wa ziada. Watengenezaji walitaka kupima mahitaji ya kiafya, lakini walichokipima ni gharama za matibabu. Kwa kuwa fedha kidogo zaidi zilikuwa zikitumika kwa wagonjwa weusi kuliko weupe wenye ugonjwa wa kiasi kile kile, programu iliwahesabu weusi kuwa wazima kuliko walivyokuwa. Watafiti walikadiria kwamba kosa hilo likisahihishwa, sehemu ya wagonjwa weusi miongoni mwa waliostahili msaada ingepanda kutoka asilimia 17.7 hadi 46.5. Hakuna daktari aliyekusudia kumbagua mtu. Lakini mtu fulani aliamua kwamba gharama ichukue nafasi ya ugonjwa, na waliofuata hawakuuliza.

4. Sahihi isiyo na uamuzi

Huenda msomaji atasema kwamba hatari hizi zote zinaondolewa na tabibu mwenye akili timamu aliyesimama mwisho wa njia. Yeye ataiona namba, atamwangalia mgonjwa, na panapo kosa atalisahihisha. Kwa bahati mbaya utafiti hautupi faraja hiyo kwa urahisi.

Mwaka 2023 jarida la Radiology lilichapisha jaribio lililofanywa na madaktari 27 wa picha. Walipewa kusoma picha 50 za matiti, na kila picha iliambatana na jibu walilodhani limetolewa na akili mnemba. Baadhi ya majibu yalikuwa yameharibiwa kwa makusudi. Jibu la mashine lilipokuwa sahihi, madaktari wasio na uzoefu mwingi walipata takriban picha 80 katika kila 100. Lilipokuwa na kosa, walipata takriban 20 tu. Hata wale wenye uzoefu mkubwa kabisa walishuka kutoka takriban 82 hadi 45 au 46. Hawa walikuwa wataalamu, walikuwa na picha mbele yao, na walikuwa na uhuru kamili wa kukataa. Hata hivyo waliuona ugonjwa mahali ambapo mashine iliwaambia waone, na wakaupita mahali ambapo mashine iliwaambia wapite.

Jambo hili si uvivu tu. Jicho lililokwisha kuambiwa jibu halitazami tena kama jicho lisiloambiwa. Tukiongeza hali halisi ya zahanati zetu, ambamo mtu mmoja huhudumia foleni ndefu tangu asubuhi, tutaona jinsi ilivyo vigumu kupinga. Anayekubaliana na mashine hamalizi dakika hata moja. Anayepinga hana budi kueleza, na ikitokea amekosea atalaumiwa maradufu, kwa kuwa alikwisha kuonywa.

Tena kuna hatari ya ustadi kufifia. Mwaka 2025 utafiti kutoka Poland, uliochapishwa katika jarida la tawi la Lancet linaloshughulikia magonjwa ya tumbo na ini, uliwaangalia madaktari wanaochunguza utumbo mpana kwa kamera. Kabla ya kuzoea msaada wa akili mnemba, waliona vivimbe vya hatari katika asilimia 28.4 ya wagonjwa. Baada ya kuuzoea, walipofanya kazi bila msaada huo, waliona katika asilimia 22.4. Utafiti wa namna hii haumalizi mjadala, lakini watosha kutuonya. Tunamweka mwanadamu awe mlinzi wa mashine, na huku mashine inampunguzia nguvu ya kulinda.

5. Mpangilio unaomwachia tabibu nafasi

Je, tukate tamaa? La. Kwa hakika mengi yategemea mpangilio wa kazi, na hasa swali hili: ni nani anayesema kwanza?

Mwaka 2025 ilitolewa taarifa ya utafiti kutoka kliniki 15 za Penda Health jijini Nairobi, uliofanywa kwa ushirikiano na kampuni ya OpenAI, na uliohusisha mahudhurio 39,849 ya wagonjwa. Katika mpangilio wa huko, tabibu ndiye aliyemsikiliza mgonjwa, akampima, akaandika maoni yake katika jalada la kompyuta. Programu ilisoma aliyoyaandika, ikaonyesha rangi. Kijani ilimaanisha hakuna shaka. Njano ilimaanisha lipo la kufikiriwa, ambalo tabibu angeweza kulifungua au kuliacha. Nyekundu ilimlazimu kusoma onyo kabla ya kuendelea, ingawa uamuzi ulibaki kuwa wake. Matabibu waliotumia msaada huo walipungukiwa na makosa ya utambuzi wa ugonjwa kwa asilimia 16, na makosa ya matibabu kwa asilimia 13, wakilinganishwa na wenzao wasioutumia.

Taarifa hiyo yafaa kusomwa kwa uangalifu. Mmoja wa walioifanya ndiye mtengenezaji wa chombo, na wagonjwa walipoulizwa baadaye kama wamepata nafuu, tofauti kati ya makundi mawili ilikuwa ndogo mno kuweza kutoa hakika. Lakini mpangilio wenyewe una funzo. Tabibu alitoa maoni yake kwanza, na mashine ikaja kama mwenzake anayeuliza: je, umelifikiria na hili? Taarifa yaeleza pia kwamba kukiweka chombo tu hakukutosha. Ilibidi matabibu waelekezwe na wenzao, na mwenendo wao ufuatiliwe.

Sheria nazo zimeanza kulitambua jambo hili. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 kuhusu maadili ya akili mnemba katika afya unaweka kanuni 6, na ya kwanza yake ni kulinda uhuru wa mwanadamu wa kuamua. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2024, katika kifungu chake cha 14, yataka wasimamizi wa mifumo yenye hatari kubwa waweze kuitambua tabia ya kuitegemea mashine kupita kiasi, na waweze kuliacha au kulipindua jibu lake. Nchini Kenya, kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 kinampa mtu haki ya kutofanyiwa uamuzi mzito uliotokana na mashine peke yake, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 inagusa haki ya namna hiyo.

Tuyatazame vema maneno "peke yake". Ulinzi wote umeyategemea. Kama sahihi ya tabibu asiyesoma yatosha kuufanya uamuzi usiwe wa mashine peke yake, basi haki hiyo imekwisha kabla haijaanza, na mwanadamu amewekwa pale ili aibebe lawama tu.

6. Dhamana isiyohamishika

Hapa mapokeo yetu yana neno la kusema. Mwaka 1527, tauni ilipoingia Wittenberg, Martin Luther alibaki mjini, na katika waraka wake kwa Johann Hess wa Breslau alilijibu swali kama Mkristo aweza kuikimbia tauni. Hakuidharau elimu ya tiba. Aliwakemea wale walioona kwamba kutumia dawa ni kukosa imani. Wala hakumkataza kila mtu kuondoka. Lakini wale waliokabidhiwa watu wengine, kama vile wahubiri na watawala, aliwaona kuwa wamefungwa na dhamana yao wasiondoke, isipokuwa kama wapo wengine wawezao kuishika nafasi yao.

Sharti hilo la mwisho ndilo linalotusaidia leo. Je, mashine yaweza kuishika nafasi ya tabibu? Katika kazi ya kusoma picha, pengine yaweza, na tumeona kwamba wakati mwingine yashinda. Lakini dhamana ni zaidi ya kazi. Aliye na dhamana aweza kuitwa na ndugu wa marehemu na kuulizwa kwa nini. Aweza kuona haya, kuomba radhi, na kubadilika. Aweza kukaa na mgonjwa aliyempa habari mbaya. Kwa hiyo kazi yaweza kukabidhiwa mashine, na dhamana ikabaki kwa mtu. Na mtu anayeikabidhi dhamana pamoja na kazi ameondoka mahali pake, hata kama mwili wake bado umeketi kitini.

Kutokana na haya, mchungaji aliye katika bodi ya hospitali hahitaji kuwa mtaalamu wa kompyuta ili aweze kuuliza maswali yanayofaa. Kwanza, aulize ni nani aliyeuweka mpaka, kwa sababu gani, na lini utaangaliwa tena. Pili, aulize kama tabibu huandika maoni yake kabla ya kuliona jibu la mashine. Tatu, aulize ni mara ngapi matabibu wamelikataa jibu hilo katika miezi iliyopita. Kama hawajalikataa hata mara moja, hiyo si lazima iwe sifa ya mashine. Yaweza kuwa dalili kwamba hakuna anayeamua. Nne, aulize kinampata nini tabibu anayekataa: je, anapewa muda na kusikilizwa, au anaandikiwa barua? Tano, aulize kama mgonjwa huambiwa kwamba mashine imetumika, na kama yuko mtu mwenye jina na uso wa kumweleza kwa lugha anayoielewa.

Na mchungaji aliye kando ya kitanda ana kazi yake pia. Mara nyingi mgonjwa haulizi kompyuta imefanyaje kazi. Huuliza ni nani aliyesema kwamba ni mzima, ilhali anajisikia mgonjwa. Swali hilo lisijibiwe kwa kumtaka avumilie tu. Lirudishwe kwa tabibu, kwa adabu na bila kuchoka, mpaka apatikane mtu wa kulijibu.

7. Hitimisho

Tumeona kwamba akili mnemba yaweza kuwa msaada wa kweli mahali ambapo wataalamu ni wachache, na kwamba kuikataa yote kungewaumiza walio maskini kuliko wengine. Tumeona pia kwamba kumweka mwanadamu mwishoni mwa njia hakutoshi. Uamuzi hufanyika mahali pengi: katika kuchagua kitu cha kupimwa, katika kuweka mpaka, katika utaratibu wa nani aseme kwanza, na katika uhuru wa kukataa. Mahali pote hapo pawe na mtu anayejua kwamba anaamua, mwenye muda na maarifa ya kuamua, na aliye tayari kujibu. Wale watu 3 wa mfano wetu hawana njia ya kuuona mpaka uliowarudisha nyumbani. Ni wajibu wa walio ndani ya hospitali, pamoja na bodi inayozisimamia, kuuona kwa niaba yao.